Kabla Hujatuma Kadi Mia Moja



Siku ya Mama Duniani, ile Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei, simu zetu hupokea kadi kutoka kila upande. Miaka michache iliyopita kadi ilikuwa moja kwa wote: picha ya waridi, maneno ya baraka, na kila mtu akampelekea mwenzake ile ile aliyoletewa. Siku hizi kadi inakuja na jina lako limeandikwa kwa herufi za rangi ya dhahabu, pamoja na jumuiya unayosali na hata miaka uliyodumu katika ndoa. Mama anaiweka kwenye stetasi yake siku nzima. Anadhani kuna mtu aliketi usiku akaitengeneza kwa ajili yake peke yake.

Mara nyingi hakuna aliyeketi. Kuna orodha ya majina katika kompyuta, kuna kadi moja yenye pengo mahali pa jina, na kompyuta imelijaza pengo hilo mara mia moja na ishirini kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Si udanganyifu, wala sitaki kumharibia mtu furaha yake. Lakini kwa kuwa kazi hii imeingia makanisani, kwenye kamati za harusi, kwenye vikoba na hata kwenye huduma za afya, nataka tuizungumze kama tunavyoizungumza dawa: inafanyaje kazi, inamsaidia nani, na ikikosewa inamdhuru nani.

Wale tuliokulia vijijini hapa Singida tunalijua sanduku la kufyatulia matofali. Sanduku ni moja, tope linaingia na kutoka, na jioni uwanja mzima umejaa matofali. Kadi ndiyo sanduku, na majina ndiyo tope. Sanduku likipinda, matofali yote yatapinda, na hilo utaliona mapema. Tope likiwa na jiwe ndani, ni tofali lile moja tu litakalopasuka, nawe hutajua mpaka limeshajengwa ukutani.

Orodha yenyewe huandikwa katika lahajedwali, yaani yale majedwali ya programu kama Excel au Google Sheets. Aliyewahi kuona daftari la mahudhurio la shule hatapata shida. Kila mtu ana mstari wake, na kila habari ina safu yake: jina kamili, jina la kuitwa, simu, jumuiya, tarehe. Kanuni kubwa ni kwamba kisanduku kimoja kibebe jambo moja. Ukiandika jina, simu na mtaa katika kisanduku kimoja, wewe utaelewa kwa kusoma, lakini kompyuta haitajua ichukue nini iache nini.

Baada ya hapo ujumbe unaandikwa mara moja tu. Katika Excel ile alama ya & huunganisha maneno yako na yaliyomo kwenye visanduku. Ukiandika hivi katika safu iliyo wazi: ="Shalom "&B2&", tukutane Jumamosi saa 9 alasiri. Jumuiya ya "&D2&" italeta kuni.", kisha ukaivuta chini hadi mwisho wa orodha, kila mama anapata sentensi yake. Kwa barua, programu ya Word ina sehemu ya kuunganisha barua na orodha. Kwa kadi za picha, Canva, ambayo vijana wengi huitumia kutengeneza mabango, nayo ina sehemu ya kupokea orodha na kutoa kadi nyingi kwa pamoja. Binti yako wa sekondari akielekezwa mara moja atakufundisha.

Hayo ndiyo mepesi. Shida huanzia kwenye mambo madogo ambayo kompyuta huyafanya kwa nia njema. Ukiandika namba ya simu inayoanza na 0, Excel huidhani ni hesabu na kuifuta ile sifuri. Hivyo safu ya simu iwekwe kuwa ya maandishi kabla hujaanza kuijaza. Tarehe nazo huandikwa kwa desturi mbili. Kwetu 3/4 ni tarehe tatu Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa Kimarekani inasoma tarehe nne Machi, na mama anaimbiwa siku ya kuzaliwa mwezi mzima kabla. Tena Excel hutunza tarehe kama hesabu ya siku tangu mwaka 1900, hivyo ukiiunganisha ovyo na maneno inaweza kutoka ilivyo: aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1980 anaandikiwa hongera ya 29221. Mama mzima anaweza kudhani ni deni! Dawa yake ni kuiambia programu iiandike tarehe kama maandishi, kwa =TEXT(E2,"dd/mm/yyyy"). Na kisanduku kikiwa kitupu, ujumbe unatoka "Shalom , tukutane", na aliyeupokea anajua papo hapo kwamba hakuna aliyemkumbuka.

Nikupe mfano wa kosa lililozidi kuchekesha. Katika usharika mmoja, ambao sitautaja, akina mama walitaka kuwashukuru watoaji wa sadaka ya mavuno, kila mmoja kwa jina lake na kwa alichotoa. Aliyeshika kompyuta akataka majina yafuate alfabeti, akateua safu ya majina peke yake. Programu ilimwuliza kama ipange na safu za jirani, akakataa. Majina yakajipanga vizuri, vitu vikabaki pale pale vilipokuwa. Mama aliyeleta debe mbili za alizeti akashukuriwa kwa shilingi laki tatu taslimu.

Aliyeisoma meseji kwanza ni mumewe. Nyumba ile ilikuwa na ada ya mtoto ambayo haijalipwa, na mume alikuwa ameshauza mbuzi wawili. "Laki tatu umezitoa wapi, na kwa nini mimi sikuambiwa?" Mama aliapa, mume akaonyesha simu: jina ni lako, kanisa ni lako, unakana nini? Ilibidi wazee wa kanisa waende nyumbani pale jioni mbili, na daftari la kalamu mkononi, ndipo mume akakubali. Huku upande wa pili, aliyetoa zile laki tatu alishukuriwa kwa kuku mmoja, akanyamaza kimya. Naye alikuwa na haki ya kuumia.

Unapopanga orodha, teua jedwali zima. Na kabla ya kutuma, chukua mistari kumi kutoka juu, katikati na chini, uilinganishe na daftari la asili kwa kidole, mwingine akikusomea. Sisi wauguzi hatumchomi mtu sindano bila kumwuliza jina lake, hata kama ni jirani yetu tuliyeonana naye kisimani asubuhi. Watu hutucheka, "Nesi, leo hunijui?" Nakujua, lakini kadi niliyoshika inaweza kuwa ya mwingine. Kuhusu kiasi alichotoa mtu, mimi nisingekiandika kabisa. Mshukuru kwa jina, inatosha. Mwenyewe anajua alichobeba.

Sasa tufike kwenye jina lenyewe, maana hapo ndipo wanawake tunaumizwa zaidi. Kwetu mama huitwa kwa mtoto wake, na orodha nyingi za kanisa zimejaa Mama Neema watano na Mama Baraka saba. Kompyuta inaweza kuwatofautisha kwa namba ya simu, lakini haiwezi kujua kwamba mmoja wao alimzika mtoto huyo miaka miwili iliyopita. Wapo akina mama wanaotaka kuitwa kwa jina lile hadi kufa, ni faraja kwao. Wapo ambao kila wakilisikia wanarudi makaburini. Ndiyo sababu nasisitiza ile safu ya "jina la kuitwa", nayo ijazwe kwa kumwuliza mwenyewe, si kwa kukisia.

Kamati za harusi zina jambo hilo hilo. Kadi za mwaliko siku hizi hutengenezwa kwa orodha ya waliochanga: jina la mgeni, kama ni kadi ya mtu mmoja au ya wawili, na ile alama ya mraba ya kukaguliwa mlangoni kwa simu. Orodha hiyo mara nyingi imenakiliwa kutoka kamati ya harusi iliyopita, nayo ilinakiliwa kutoka nyingine. Mjane anafungua simu yake, miezi minne baada ya arobaini, na kadi inasema "Bw. na Bi.", ikifuatiwa na jina la marehemu mume wake, karibuni nyote wawili. Nimekaa na mama aliyepokea kadi ya namna hiyo. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Kumbe kuna watu hawajajua?" Walijua, na walikuwepo msibani. Ila aliyeshika kompyuta hakuisoma orodha kama mtu anayewafahamu watu, aliisoma kama mtu anayekamilisha kazi.

Kwa hiyo msimwachie orodha kijana mmoja kwa sababu tu anajua kompyuta. Aketi na mama mmoja mtu mzima anayezijua nyumba: nani amefiwa, nani ametengana na mumewe, nani amehamia Manyoni kwa mwanae, nani hataki kutajwa mbele ya watu kwa sasa. Wapitie jina kwa jina. Majina mia moja na ishirini humalizika kwa saa moja na nusu, nami naona ni muda mdogo.

Kazini kwangu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwezi wa Novemba 2012 Wizara ya Afya na washirika wake ilianzisha huduma ya meseji za bure iitwayo Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001, akaeleza umri wa mimba, kisha akawa anapokea meseji kwa Kiswahili zinazofuata wiki zake: sasa anza kliniki, sasa angalia dalili hizi, sasa andaa safari ya kujifungua. Hata baba au ndugu aliweza kujiandikisha. Hakukuwa na mtu aliyekaa akimwandikia kila mama. Ilikuwa ni orodha na hesabu ya wiki. Hesabu hiyo hata wewe unaweza kuifanya katika jedwali lako: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, jumlisha siku 280, unapata siku ya matarajio. Kwa mtoto aliyezaliwa, jumlisha siku 42 unapata chanjo za wiki ya 6, kisha wiki ya 10, ya 14, na za surua na rubela katika mwezi wa 9 na wa 18. Mama anayeishi mbali na zahanati akikumbushwa siku mbili kabla, anaweza kupanga shamba na safari. Faida ni kubwa, siipingi hata kidogo.

Lakini fikiri mimba ikiharibika wiki ya 20. Orodha haijui. Wiki ya 24 inaingia meseji yenye furaha, mtoto wako sasa anasikia sauti yako. Mama yuko jikoni, maziwa yamekauka juzi juzi, simu inalia. Sijui kisu kinachokata kuliko hicho. Afrika Kusini, katika huduma yao ya MomConnect iliyoanza Agosti 2014, waliweka njia ya mama kueleza kwamba amempoteza mtoto, ili meseji zile zikome, na akitaka apokee meseji za kumfariji badala yake. Huo ndio utu ninaouzungumzia, nao unawezekana hata kwenye kajedwali ketu kadogo ka kanisani. Weka safu moja iandikwe "simamisha". Anayepata habari ya msiba au mimba kuharibika aijaze siku hiyo hiyo, na mwenye kutuma asitume lolote kabla ya kuitazama.

Kuna la pili la afya. Simu ya mama katika nyumba nyingi si ya mama peke yake. Mume anaishika, mtoto anachezea, wifi anaomba kupiga. Meseji inayotaja jina la mama na jina la kliniki anayohudhuria inaweza kutoa siri ambayo hajawa tayari kuitoa, iwe ni dawa za UKIMWI, uzazi wa mpango au vipimo fulani. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na sisi watumishi wa afya tumefundishwa hivyo tangu chuoni. Kwa hiyo katika kikundi cha akina mama, habari ya ugonjwa isiingie kwenye jedwali kabisa. Mnaotaka kumchangia mgonjwa, mwulizeni kwanza yeye, ndipo mtengeneze kadi. Nimeona bango la kuombea mgonjwa likizunguka Facebook na jina la ugonjwa limeandikwa kwa rangi nyekundu, watu wakiandika amina chini yake, na mgonjwa mwenyewe wodini hana habari.

Wengine hudhani haya ni mambo ya adabu tu. Siyo tena. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake. Habari za afya, za watoto, za imani na za miamala ya fedha zimo katika zile zinazohesabiwa kuwa nyeti. Tazama sasa orodha ya kawaida ya kanisa: ina imani, ina michango, ina majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Halafu tunaipeleka kwa flashi steshenari, kijana anafungua, anatengeneza kadi, tunamlipa na kuondoka. Orodha imebaki pale katika kompyuta ambayo kila mteja hukaa mbele yake. Ukienda steshenari, kaa mpaka kazi iishe, ifutwe mbele yako, na kile kikapu cha taka cha kompyuta nacho kimwagwe. Bora zaidi, peleka jedwali lenye safu zinazohitajika kwa kadi ile tu. Kadi ya Siku ya Mama haihitaji namba ya simu ya mtu.

Kutuma nako kuna mambo yake. WhatsApp ina orodha ya matangazo inayochukua watu 256, lakini ujumbe wake ni mmoja kwa wote, na haumfikii asiyekuwa amehifadhi namba yako. Kadi zenye majina itabidi zitumwe moja moja, tena kwa makini, maana picha mia zinazofanana ni rahisi kumpelekea Mama Neema wa Misuna kadi ya Mama Neema wa Mandewa. Tulioona linarahisisha ni kuipa kila picha jina la mhusika na la jumuiya yake, na akina mama wanne kugawana kazi kwa jumuiya wanazozifahamu. Wapo wanaotumia vijiprogramu vya kutuma vyenyewe. WhatsApp hufungia namba za namna hiyo, na kikundi kinapoteza simu yake.

Meseji za kawaida zipo kampuni zinazozituma kwa wingi kwa malipo, ukiwapa jedwali. Hapo hesabu herufi. Meseji moja ni herufi 160, pamoja na nafasi. Ukizidisha unalipia mbili. Na ukiweka kile kialama cha moyo au cha ua, nafasi inashuka hadi 70, basi ua moja linaweza kuwagharimu meseji mbili au tatu kwa kila mama. Nawapenda akina mama wangu, lakini ua hilo nalitoa.

Wenye kitochi, picha hawazipati kabisa. Wengine hawana simu, au wanayo lakini chaji ni mpaka siku ya mnada. Orodha nyingi huwaacha, kwa kuwa safu ya simu ni tupu na kompyuta inawaruka bila kusema kitu. Katika orodha yetu tumeongeza safu ya mwisho iitwayo "anayemfikia". Kwa mama mwenye simu ya picha imeandikwa WhatsApp, kwa mwenye kitochi imeandikwa meseji, na kwa asiyekuwa na simu limeandikwa jina la jirani yake, ambaye huchapishiwa kadi ile na kuipeleka kwa miguu Ijumaa jioni.